Neno Lililoanzia Zizini

Karibu na Lugo, Galisia, Hispania
7 Februari 2010

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Najua Jeannine ndiye anayekusomea, kwa hiyo namwomba mdogo wangu asome polepole. Yeye husoma kama mtu anayefukuzwa.

Mimi ni mzima. Kazi ya ujenzi kule Ureno ilikwisha mwezi wa kumi, nikavuka mpaka kuja huku kaskazini. Nafanya kazi kwa mjane mmoja anayeitwa Dorinda. Ana ng'ombe wa maziwa ishirini na mmoja. Siku ya kwanza aliniuliza kama naogopa ng'ombe. Nikamwambia baba yangu alichanja ng'ombe wa bonde lote la Ruzizi. Sidhani alijua Ruzizi ni wapi, lakini aliona nilivyomshika ndama mguu, akaniachia ndoo. Nimenunua daftari nikawaandika wote, jina, rangi na alama ya sikio, kama alivyokuwa akifanya Baba.

Mama, huku wana neno: morriña. Nilipokuwa Ureno, msimamizi wetu alikuwa akilitumia kwa mvua ile ndogo isiyokwisha. Hapa Dorinda ananiambia ni kitu kinachompata mtu aliye mbali na kwao. Watu wengi wa kijiji hiki waliwahi kwenda Ajentina na Kuba. Yeye mwenyewe aliosha sahani Buenos Aires miaka kumi na miwili. Anasema neno hili halina tafsiri. Asubuhi moja alinikuta nimesimama na ndoo, maziwa yameshapoa. Akanigusa kifuani kwa kidole, akalitamka. Mama, nililia mbele ya ng'ombe. Nilikuwa nakuona umekaa juu ya sanduku la Baba mlangoni mwa hema kule kambini Johannesburg, siku ile nilipoondoka. Hukunitazama.

Bado umenikasirikia? Niambie hilo tu.

Mwanao,
Didier


Berea, Johannesburg
21 Machi 2010

Yaya Didier,

Kaka yangu, barua imefika. Nimemsomea Mama kwamba u mzima, una kazi, na mjane anakulisha. Sehemu ya neno niliiruka. Mama ana miaka sitini na tatu na magoti mabovu. Tunaishi ghorofa ya saba katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia, familia tatu katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia. Hana haja ya kusikia kwamba kijana wake wa miaka thelathini na miwili amelia mbele ya ng'ombe. Nadhani hata ng'ombe hawakuwa na haja hiyo.

Ila mimi nimelisoma neno lako. Kwa kuwa wewe uliacha shule na mimi niliwahi kulipwa, hata kama vibaya, kuwafundisha Kilatini watoto wa Uvira, acha nikusaidie. Hapa Newtown, kwenye duka la vitabu vya mitumba ninakofanya kazi, tuna kamusi nene ya Kireno, mali ya Mreno aliyehama kutoka Msumbiji akafia hapa. Hakuna anayeinunua. Tunazuia nayo mlango usibamizwe na upepo. Nimeinyanyua sakafuni, nikaifuta vumbi, nikalitafuta neno lako takatifu lisilo na tafsiri.

Lina tafsiri, yaya. Lina nyingi. Kwa Wareno morrinha ni ugonjwa wa mifugo, upele unaopukutisha kundi. Halafu ni uchovu wa mtu anayejisikia vibaya bila kuumwa. Halafu ni harufu mbaya ya mnyama. Halafu ni ile mvua ya msimamizi wako. Hao Wagalisia wako ndio waliolichukua neno la zizini wakalivika nguo za Jumapili. Wataalamu hawakubaliani lilikotoka, lakini wengi wanaliona ni mtoto wa kitenzi cha kufa, kile kile cha Kilatini nilichokuwa nikikiandika ubaoni kila Septemba. Na mwisho wake unafanana na ule wanaoutumia kupunguza vitu, kana kwamba maana yake ni kufa kadogo. Linakufaa sana. Hata kufa unataka ufe kidogo tu, kisha uandike barua.

Usinifundishe maneno. Mwezi wa tano mwaka 2008, pale Alexandra, wale vijana waliokuwa wakiwasaka wageni walituonyesha viwiko vyao na kutuuliza vinaitwaje kwa Kizulu. Mimi nilijua: indololwane. Mama hakujua. Nilijibu mara mbili, kwa ajili yangu na kwa ajili yake, wakacheka wakatuachia sanduku. Wewe ulikuwa umeshakimbilia kituo cha polisi. Wiki tatu baadaye, tukiwa kambini, ulipata nafasi moja kwenye gari la Maputo, ukaichukua. Nafasi moja. Sijawahi kukuona ukifanya hesabu haraka kiasi kile.

Sasa sikiliza jambo lenye maana. Ofisi ya wakimbizi imefungua faili letu la kuhamishiwa Kanada. Mama hataki. Kila nikilitaja ananiambia, "Didier akirudi atatukuta wapi?" Jengo zima wanamwita Mama Didier, mpaka watoto wanaozungumza Kizulu tupu. Nina miaka ishirini na minane na mama yangu bado ana jina lako. Nitampeleka Kanada, yaya, na machozi yako hayatamkalisha hapa.

Jeannine


Karibu na Lugo
30 Oktoba 2010

Mama yangu,

Nilingoja jibu lako miezi yote hii. Labda lilipotea njiani.

Ng'ombe sasa ni ishirini na wanne. Dorinda amekubali kuniandikia mkataba wa kazi. Mkataba ukipita nitapata karatasi, na nikipata karatasi nitakuja Johannesburg kukuona, mwezi wa nne au wa tano, ng'ombe wakishazaa. Nisubiri, Mama. Na kama faili la Kanada litaenda mbele kabla sijafika, nakuomba kitu kimoja: watajie watoto wako wote. Kuna mtu wa mji wa Baraka huku aliyenieleza. Mtoto ambaye mama yake hakumtaja siku ya mahojiano ni vigumu sana kumwingiza baadaye, wanasema ni wa kutunga. Nitaje tu. Nikitajwa, naweza kuwafuata.

Sikukuaga vizuri. Nafasi ilikuwa moja, na ulisema niende mimi kwa sababu wale vijana walikuwa wakiwatafuta wanaume. Nilifurahi uliposema hivyo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifurahi.

Mdogo wangu Jeannine, maneno haya ni yako. Nilimwambia Dorinda kwamba neno lake ni ugonjwa wa ng'ombe. Hakukasirika, alicheka mpaka akakaa. Akasema ni kweli, mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo. Ng'ombe akiuzwa bonde la pili anasimama kwenye uzio, hali majani, anatazama alikotoka, manyoya yanakuwa mabaya. Watu walipoanza kwenda Ajentina wakajiona ni wale wale. Sijui kamusi yako inasemaje. Lakini nakuomba umsomee Mama yote, hata ya kipuuzi.

Mwanao na kaka yako,
Didier


Berea
16 Januari 2011

Mwanangu Didier,

Barua nimeisikia. Nashukuru Mungu u mzima na ng'ombe wameongezeka. Mimi ni mzima, magoti tu. Usijisumbue kuandika sana kama una kazi nyingi.

Mama yako
(alama ya kidole gumba, ameandika Jeannine)


Berea
9 Mei 2011

Yaya,

Mahojiano yalikuwa juzi. Tulikaa tangu asubuhi kwenye viti vya plastiki pamoja na Warundi, Wasomali na mwanamume mmoja wa Bukavu aliyekuwa akiwafundisha wanawe watatu majibu, mmoja mmoja, kama katekisimu. Nilimdharau. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimemfundisha Mama.

Afisa alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye kucha fupi na sauti ya mtu aliyeyasikia yote. Mkalimani hakufika, akauliza kama naweza. Nikasema naweza. Alimuuliza Mama tarehe, vijiji, nani alimuua nani. Mama alijibu kama anayehesabu nguo za kufua. Kisha akamuuliza ana watoto wangapi walio hai.

Mama alishika magoti yake. Aliyasugua mpaka afisa akaiweka kalamu mezani. Mama akasema, "Andika mmoja."

Nikamtazama. Akasema, "Mwingine ana ng'ombe zake."

Nilitafsiri la kwanza. La pili lilikuwa si jibu la swali. Afisa akaandika, Mama akaweka kidole.

Sikumlazimisha. Nataka ulijue hilo. Njiani kurudi, kwenye robot, zile taa za barabarani, ya Claim Street, mwuza karanga alimwita, "Mama Didier, leo hununui?" Akapita kama hajasikia. Ni mara ya kwanza namwona akipita jina hilo.

Mwaka ujao pengine tutakuwa Kanada. Nitasoma tena. Najua unafikiria nini, na sijali. Miaka mitatu nimembeba mama huyu ghorofa saba juu, ghorofa saba chini, wewe ukijifunza maneno mazuri ya kuitia hali yako. Mtu anayeumwa na kwao hurudi kwao. Anayekaa na kutafuta jina la maumivu yake, huyo ameshazoea, na anayafuga kama kuku.

Jeannine


Karibu na Lugo
2 Juni 2011

Jeannine,

Ulimsomea barua ya Oktoba?

Didier


Berea
24 Julai 2011

Kwa mwanangu Didier,

Anayeandika hapa ni Mwatumu, fundi cherehani wa ghorofa ya tano, mtu wa Ujiji. Jeannine yuko kazini na hajui. Nimemwambia Mwatumu aandike kama ninavyosema, asipambe.

(Ndugu Didier, shikamoo. Ni mimi Mwatumu. Mama yako anasema kwa kasi na amenikalia karibu sana. Nitajitahidi.)

Nilizichukua barua zako kutoka kwenye sanduku nikampelekea Mwatumu anishonee mfuko wa kuzibebea Kanada. Nilisema, hata kama mtoto amenisahau, karatasi hazijanikosea. Mwatumu akazitandaza mezani apime ukubwa. Si unajua mtu anayejua kusoma akiona maandishi, hawezi kujizuia. Akaanza kusoma kwa sauti, sindano bado iko mdomoni. Alifika mahali pa kulia mbele ya ng'ombe. Nikamwambia, "Hiyo si barua yangu." Akaniambia, "Mama Didier, imeandikwa Mama yangu mpendwa, na hapa chini kuna jina la mwanao."

Nikamwambia asome zote. Akasoma mpaka wateja wake wawili wakaondoka bila kupimwa.

(Ni kweli. Mmoja ni wa sare ya kwaya.)

Didier, mimi nilikuwa nikiuliza kila barua ikija. Nilikuwa nauliza, "Amesema nini juu yangu?" Huyu mdogo wako anajibu, "Amesema ni mzima." Nikawa nawaza, huyu mtoto amekuwa mtu wa habari za ng'ombe tu. Nikamkasirikia. Nikaenda pale ofisini nikasema mmoja.

Sikuweza kula. Unakumbuka mimi ndiye niliyekuwa nikibeba sanduku la barafu la dawa za baba yako, kutoka zizi mpaka zizi. Wewe ulikuwa mgongoni. Wenye ng'ombe walikuwa wanaficha baadhi migombani, wakiogopa kodi. Baba yako alikaa chini na daftari lake akasema hachanji hata mmoja mpaka waandikwe wote, hata aliyepotea, hata aliye mgonjwa wa kufa. Walimtukana. Alikaa. Aliniambia kwamba kundi lote unaweza kulichanja, na yule mmoja uliyemficha ndiye atakayeurudisha ugonjwa. Nimemsikia akisema hivyo miaka kumi na tisa. Na mimi nikaenda kumficha wa kwangu.

Juzi nimerudi ofisini. Mwatumu alinisindikiza kunitafsiria, alifunga cherehani siku nzima. Nilimwambia yule msichana wa kucha fupi, "Niliongopa, nina watoto wawili." Akanieleza kwamba nikibadilisha neno hilo, faili linaanza upya, linarudi nyuma ya mstari, na watauliza sana kwa nini niliongopa. Huenda miaka. Huenda isiwe kabisa. Nikamwambia abadilishe. Akauliza tena. Nikamwambia, "Mwanangu, haya magoti niliyopandia ngazi leo ni yangu, najua ninachofanya."

Jeannine bado sijamwambia. Nitamwambia leo akirudi. Nitafanya hivyo akiwa amekaa.

Mama Didier
(alama ya kidole gumba)


Berea
18 Agosti 2011

Yaya Didier,

Usitazamie machozi. Hayo ni ya ukoo wa upande wako.

Jibu la swali lako ni hapana. Barua ya Oktoba nilimsomea mistari minne: salamu, ng'ombe ishirini na wanne, mkataba, kwaheri. Mahali ulipoandika "nisubiri" nilisoma "nina kazi nyingi". Mahali ulipoomba kutajwa nilikohoa, nikageuza ukurasa. Na barua yake ya Januari aliyoniambia niandike ilikuwa na kurasa mbili. Alikuuliza habari za meno yako, za kanisa, kama mjane ana mume. Alikuuliza utarudi lini, mara tatu kwa namna tatu. Nilikuletea mistari mitatu. Ningeweza kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya magoti yake. Nilikuwa nikijiambia hivyo kila siku nikishuka ngazi, na nilikuwa napendeza sana machoni pangu.

Aliponiambia alichofanya ofisini, nilimwita mjinga. Nilimwambia ameiua miaka yangu mitatu kwa ajili ya mtu aliyeiba nafasi. Alisubiri nimalize. Akasema, "Nafasi nilimpa mimi. Wewe ulikuwa umelala, una homa. Ningempa nani, mtu wa homa?" Hilo sikulijua. Miaka mitatu nilikudharau juu ya jambo ambalo sikulijua, na ninakiri kwamba dharau ile ilinishibisha kuliko chakula. Asubuhi iliyofuata niliamka nikaitafuta, sikuiona. Badala yake nilijikuta mwenyewe, mwalimu wa Kilatini, mtu wa kamusi, aliyekabidhiwa kusoma maneno ya watu wawili wanaotafutana, akayakata kama fundi mwizi anavyokata kitambaa cha mteja. Vijana wa Alexandra walituuliza neno moja tu. Mimi niliwauliza nyinyi mia, na sikumruhusu yeyote kupita.

Basi. Adhabu yangu ni hii. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, Mama anakaa kitandani na chai yake, ananipa barua moja, nasoma kuanzia tarehe. Hakuna kuruka. Nikipunguza sauti anasema, "Umeruka." Nikimwambia sijaruka, anasema, "Rudia tuone." Jana alileta na Mwatumu kuhakikisha. Majirani wa nyuma ya pazia wameshalijua neno lako. Mtoto wao, asiyejua hata "habari ya asubuhi", analitamka vizuri kuliko wewe.

Nilimweleza Mama na yale ya kwenye kamusi, maana zote, mpaka Kilatini. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza, "Kwa hiyo hao Wareno wanaita mvua, na harufu, na ng'ombe mwenye upele, jina moja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hawana haya." Halafu nikamsomea ya Dorinda, ng'ombe aliyesimama kwenye uzio akitazama alikotoka. Hakucheka. Akasema Baba alikuwa na mmoja wa hivyo pale Kiliba, alimwandika kwenye daftari, na mahali pa jina la ugonjwa aliacha wazi kwa sababu hakulijua.

Bado naamini Dorinda amelibuni. Hakuna mtaalamu atakayekubali asili ya neno iliyosimuliwa na mtu aliyekaa chini akicheka. Lakini nimeliandika kwa penseli pembeni mwa kamusi ya dukani, pamoja na mwaka, kisha nimeirudisha mlangoni.

Ofisi inataka haya: picha mbili za pasipoti, nakala ya mkataba wako, cheti chochote chenye jina la Baba, na barua ya kueleza kwa nini hukutajwa. Hiyo ya mwisho nitaiandika mimi. Nitaandika ukweli, na nitasaini. Mwatumu anasema huenda wakanitoa kwenye faili kwa udanganyifu. Huenda. Kwenye picha usitabasamu, una sura ya mtu anayeomba msamaha hata ukiwa umelala.

Mama amesema nimalizie kwa maneno yake, kama anavyoyasema, na atanisikiliza nikiyasoma kabla sijafunga bahasha. Haya hapa:

"Didier, umekula? Huko kwenye baridi vaa soksi mbili, si moja. Mdogo wako ananiandikia hapa amenuna, mdomo mpaka kwenye karatasi. Mvumilie, anajua vitu vingi. Mwambie huyo mama wa ng'ombe namsalimu. Uliuliza kama nimekukasirikia siku ile pale hemani. Sikukutazama kwa sababu ningekutazama usingeondoka. Andika hivyo, Jeannine. Umeandika? Nisomee."

Nimemsomea.

Jeannine